Mwaka Mmoja wa Pacifique

Murungu, Kibondo
Jumamosi, 12 Agosti 2023

Mama Pacifique, dada yangu,

Alhamisi ulinisubiri ukamwona Mama Ndayikunda anakuja na wanawake wengine, mimi simo. Sikukukimbia. Baba mkwe ameanguka shambani, upande mmoja wa mwili haufanyi kazi, na Cyriaque ndiye mtoto wake wa kiume peke yake. Jumatatu tulifunga vitu, Jumanne tukawa kwenye basi, mimi na tumbo hili la miezi minane, Dido amelala juu ya gunia la sufuria. Kasulu nimeiacha bila kuaga mtu. Sasa niko nyumbani kwa wakwe, maharage na mihogo.

Kwenye kikundi cha mapokezi kila mmoja wetu hupewa familia moja iliyofika kambini, akae nayo miezi sita mpaka ijue njia. Wewe nilikupokea mwishoni mwa Aprili. Hesabu haijaisha, na kazi ya nusu siipendi. Nimemwambia Mama Ndayikunda, kiongozi wetu, nitaendelea kwa barua. Akacheka, "Barua, siku hizi?" Nikamwambia simu yako uliiuza njiani, na ukiazima ya jirani, jirani anakaa palepale anasikiliza mpaka mwisho, halafu anachangia. Barua haina mchangiaji. Ukimaliza kuandika mpe Mama Ndayikunda siku ya Alhamisi. Ataiacha Makere kwenye mashine ya kusaga, na Reverien, konda wa basi la Kibondo, ataichukua. Ni wa parokia yetu, hafungui cha mtu. Anachofungua ni mdomo tu.

Sasa sikiliza. Shule zenu za Kikongo zinafungua Septemba. Nenda mapema na kadi ya familia, ile tuliyojaza fomu yake pamoja mwezi wa tano. Usiseme kesho. Dawa ya kikohozi ya Espe anywe mpaka dawa iishe, siyo mpaka kikohozi kiishe. Na usikae hemani. Najua unakaa. Toka ukae na wanawake wa kanda yako hata kama wanacheka unavyosema "banasema" badala ya "wanasema". Mimi pia nilicheka na hukufa.

Niandikie.

Immakulata, Mama Dido


Nyarugusu
7 Septemba 2023

Dada Imma,

Barua yako imefika na unga juu yake. Nilisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, batoto wakatoka nje kuangalia kama umekuja.

Nimetoka hemani kama ulivyoamuru, mkubwa wangu. Niko mu kwaya. Bamama wananicheka ninavyosema, na mimi ninawacheka wanavyopika sombe, hicho kisamvu chenu, bila mawese. Juzi amefika mama mmoja wa kwetu Fizi, hajui hata maji yako wapi. Nikampeleka. Wewe ulikuwa unatembea mbele yangu kama mtu anayefukuza kuku, unakumbuka? Nikatembea hivyohivyo. Yule mama akasema, "Polepole basi, nani anatufukuza?"

Kuna jambo moja halikunipendeza. Shule imefungua. Pacifique amewekwa première, darasa la kwanza, Espe amewekwa gardienne, chekechea, na batoto wadogo. Nikauliza sababu gani. Madame, mwalimu wao, akasema mu karatasi Pacifique ana miaka sita na nusu, Espe ana mitano. Nikamwambia hapana, hao wawili wanakaribiana, tangu walipoanza kutambaa wanakwenda pamoja, sahani moja, blanketi moja. Siku ya pili Pacifique alitoka darasani mwake akaenda kukaa kwa Espe. Wamemrudisha. Siku ya tatu hivyo tena.

Nilisema mwaka gani siku ile, wewe ulikuwa hapo? Nilisema elfu mbili kumi na nane. Wa biro, ofisi ya fomu, wamekosea. Kadi yake ya chanjo ya kutoka mji wa Baraka ninayo, nilivuka nayo ndani ya nguo. Nitaipeleka wasahihishe. Ni kitu kidogo.

Tumbo linasemaje? Ukizaa nitumie jina.

Mama Pacifique


Murungu
24 Septemba 2023

Mama Pacifique,

Nimezaa. Ni msichana, tarehe kumi na tatu, alfajiri, hapa hapa zahanati. Ameitwa Josefina kwa ajili ya bibi yake. Analala mchana kama mlevi na usiku anafanya mikutano. Dido ana wivu, amerudia kukojoa kitandani. Mama mkwe ananisaidia sana, lakini ana mgonjwa wake. Ninaandika huku nimesimama maana nikikaa nalala.

Kwa hiyo nakuambia kwa kifupi. Hiyo kadi ya chanjo usiipeleke. Iache ilipo. Pacifique akikaa première kuna ubaya gani? Mtoto ana akili, atasoma, atamtangulia mwenzake, ndivyo watoto walivyo. Wewe umefika juzi, usianze kuzoeleka ofisini kama mtu wa malalamiko. Kila ukirudi pale wanafungua faili upya, na faili likifunguliwa upya haliishi.

Nisikilize kwenye hili. Kwenye mengine yote nilikushauri, hili nakuomba.

Imma


Nyarugusu
12 Oktoba 2023

Dada Immakulata,

Mungu amlinde Josefina.

Barua yako ilifika siku tatu baada ya mimi kwenda biro. Nakueleza jinsi ilivyokuwa.

Kadi za chanjo za batoto wangu ziko mbili, nimezifunga pamoja kwa uzi. Nilitaka kutoa moja. Kijana wa mezani akazichukua zote, akaziweka moja kando ya nyingine. Akahesabu kwa vidole: mwezi wa tatu, wa nne, wa tano, wa sita, wa saba. Akasema, "Mama, hata mbuzi hafanyi hivyo." Foleni yote ikacheka. Na mimi nilicheka kidogo, sikuwa nimeelewa.

Halafu akaita mkubwa wake. Huyo hakucheka. Akauliza, kati ya hawa wawili yupi ni wako wa kuzaa? Pacifique alikuwa hapo, ameshika kitenge changu. Sikujibu. Akauliza tena. Akauliza mara ya tatu. Nilisema tu kwamba wote wanalala kwangu. Akaandika.

Wamesema hivi: mama aliyedanganya mwaka wa mtoto kwenye fomu anaweza kuwa amemchukua mtoto wa watu njiani. Mtoto kama huyo anaandikwa peke yake, anatafutiwa familia ya malezi, ndugu zake watafutwe. Kuna mama atakuja kuongea na Pacifique bila mimi. Wataniita tena Januari.

Mimi sikudanganya mwaka. Nilisema kumi na nane. Na wewe, kabla hujajua kwamba nimekwenda, ukaniandikia nisiende. Faili likifunguliwa haliishi, ndivyo ulivyosema. Ulijuaje? Kuna nini mu hilo faili, na nani alikiweka?

Félicité


Murungu
22 Oktoba 2023

Félicité,

Nijibu jambo moja kabla sijakujibu lako. Pacifique ulimzaa wewe?

Andika ndiyo au hapana. Sitakuhukumu.

Immakulata


Nyarugusu
2 Novemba 2023

Immakulata,

Swali lako ni la biro. Wao wameuliza mara tatu, wewe ni ya nne. Kama wamekupa kazi ya kuniuliza, waambie umeniuliza, nami sikujibu.

Umekaa hemani kwangu miezi mitatu, kila Alhamisi. Umemwona akila, umemwona akiugua. Mguu wake ulipovimba ulimbeba wewe mgongoni na tumbo lako. Sikujua kwamba ulikuwa unahesabu.

Yule mama alikuja jana. Aliongea na Pacifique karibu na bomba. Sijui alimuuliza nini. Usiku hakula.

Usiandike tena.

Félicité


Murungu
10 Desemba 2023

Mama Pacifique,

Umeniambia nisiandike, ninaandika. Ukitaka uichane, lakini ichane baada ya kusoma.

Nimechelewa kwa sababu Josefina alipata malaria tukalazwa Kibondo siku sita. Amepona. Hiyo si sababu yote. Sababu nyingine ni woga.

Mwaka wa Pacifique niliubadilisha mimi.

Siku ile ya fomu kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Ulisema: Pacifique, mwezi wa tatu, elfu mbili kumi na nane. Espe, mwezi wa saba, elfu mbili kumi na nane. Nikakuangalia. Ulikuwa na siku tatu unalala chini kwenye banda la mapokezi, macho yamevimba, Espe anakohoa mapajani. Nikasema moyoni, amechoka huyu, amechanganya. Hata mimi Dido akiwa mchanga niliwahi kutaja kliniki tarehe ya harusi yangu. Kukuuliza niliona ni kukuaibisha mbele ya foleni. Nikaandika kumi na saba. Wewe ukatia sahihi pale nilipokuwekea kidole. Nilirudi Kasulu nimefurahi kwamba nimekusaidia.

Uliponiandikia habari za shule nilijua palepale. Ningeweza kukuambia siku ile. Badala yake nikakuambia uifiche kadi. Niliogopa kunyang'anywa kitambulisho cha kikundi. Ni kikaratasi tu chenye plastiki, najua. Lakini ndicho kitu pekee nilichonacho chenye jina langu ambacho sikupewa kwa ubatizo wala kwa ndoa.

Halafu nikakuuliza swali lile kama polisi. Nilidhani nikijua ukweli nitajua pa kuanzia. Nilikuwa na pangu pa kuanzia, sikuanzia hapo.

Mama mkwe hajui kusoma. Jana tukichambua maharage aliniuliza kwa nini ninanyonyesha huku nalia, nikamsomea barua zako zote. Alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa msichana, na ana dada wawili aliowaacha njiani. Akachambua bakuli zima. Kisha akasema, "Mwana wanje, mwanangu, huyo hakufichi. Huyo amenyonyesha. Aliyenyonyesha mtoto wa marehemu hasemi kwa mdomo wake kwamba sikumzaa. Akisema, ameyarudisha maziwa." Nikamuuliza kama desturi hiyo ni kwa Waha, au Warundi, au Wabembe wa kwenu. Akasema, "Ni kwa wanawake. Wewe umesoma, ndiyo maana hujui."

Kama amekosea, niambie. Kama hakukosea, usiniambie, nimeshaelewa.

Sasa nimefanya haya. Nimeandika maelezo yangu kwa ofisi, kwamba wewe ulitaja mwaka wa kweli na mimi nikaandika mwingine kwa kichwa changu. Nakala nimemtumia Mama Ndayikunda. Amenipigia, hakusema mengi, amesema kitambulisho nikilete mwenyewe. Na ameniambia umeitwa tarehe ishirini na tano Januari. Nitakuja na Josefina mgongoni.

Lakini sikiliza dada yangu, hapa sikubembelezi. Maelezo yangu yanasafisha mwaka tu. Hayasemi Pacifique ni wa nani. Hilo sitakusemea. Nimeshakusemea mara moja bila kukuuliza, umeona tulipofika. Mtu wa ofisi hana ubaya na wewe, kuna watoto kweli wanaochukuliwa njiani, lazima aulize. Ukinyamaza mara ya nne watamchukua Pacifique, na maziwa yako hayatamsaidia huko atakakokuwa.

Tafuta njia. Mimi sijui ni ipi.

Immakulata


Nyarugusu
4 Januari 2024

Imma,

Nimekaa na barua yako wiki tatu. Wiki ya kwanza nilikuwa na hasira ya ule mwaka ulioubadilisha. Wiki ya pili nilikuwa na hasira kwamba ulinionea huruma badala ya kuniuliza. Ungeuliza, "Mama, hesabu hii ikoje?" ningekuambia "ndivyo ilivyo, andika tu", ukaandika, tungejua mapema biro watasemaje. Wiki ya tatu hasira ilianza kunichosha, nina mambo ya kufua.

Mwambie mama mkwe hakukosea.

Nimefikiri hivi. Siku ile wazee wa kwetu waliponikalisha mlangoni waliniambia, usiseme. Walisema mdomo, mdomo, mdomo. Hakuna aliyetaja kalamu. Kati yao wote hakukuwa na hata mmoja anayejua kuandika. Kwa hiyo mdomo wangu umefungwa, mkono haukufungwa.

Ninaandika.

Chantal alikuwa mdogo wangu, tumbo moja. Pacifique ni wake. Mwezi wa nane, mwaka wa kumi na nane, tulikuwa tunakimbia kutoka milimani kwenda Baraka. Chantal alishikwa na homa njiani, siku mbili, siku ya tatu hakuamka. Pacifique alikuwa na miezi mitano, Espe wangu hata wiki sita hana. Tulipofika kwa shangazi ya baba, wanawake wazee walinikalisha kwenye kizingiti, nusu ndani nusu nje, wakaniwekea batoto wote wawili, mmoja kulia, mmoja kushoto, watu wanaona. Pacifique alikataa. Alikuwa anatafuta harufu ya mama yake. Wakachukua kitenge cha Chantal wakanifunika nacho kichwani, ndipo akashika. Wakasema, tangu leo huyu si yatima, na siku utakayosema hukumzaa umemnyima mama. Watu wakala bugali, wakaondoka. Baba yao alitukuta wiki mbili baadaye, akahesabu batoto, hakuuliza. Alibaki Baraka mwaka jana tulipovuka, sina habari zake.

Hiyo ndiyo yote. Imeingia nusu ukurasa. Nilidhani itakuwa ndefu.

Karatasi ya pili iliyo ndani ya bahasha ni ya biro. Nimeiandika vizuri, na tarehe, na majina, bila matusi. Hii yenye matusi ni yako, ingawa naona nimesahau kuyaandika. Ya biro ilete wewe mwenyewe tarehe ishirini na tano. Nikikaa nayo hapa nitaichoma.

Mama Pacifique


Murungu
28 Januari 2024

Mama Pacifique,

Nimefika salama. Samahani sikukungoja, Reverien alishikilia basi Makere mpaka abiria wakataka kumpiga. Alikuwa anawaambia, "Kuna mama ananyonyesha njiani, nyie hamkunyonya?"

Nataka nikuambie ya nje, maana wewe ulikuwa ndani.

Yule mkubwa alipokuwa amemaliza kusoma karatasi yako kimya nilidhani tumepona. Aliposema sasa lazima maelezo yasomwe kwa sauti mbele ya mwenyewe, yasiposomwa hayana nguvu, nilikuona ulivyoshika meza. Ndiyo maana niliwakokota watoto wote nje haraka vile. Nisamehe nilimvuta Espe sikio, nilikuwa natafuta mkono.

Tulikaa kwenye mawe karibu na geti. Espe alishika miguu ya Josefina, anahesabu vidole vyake na kurudia kuvihesabu. Pacifique alikaa anaangalia mlango. Akaniuliza, "Mama anasoma au anasomewa?" Nikamwambia anasomewa. Akafikiri. Akasema, "Mimi najua kusoma. Wangeniita mimi."

Nilimpa andazi.

Kitambulisho nimerudisha. Mama Ndayikunda alikipokea kwa mikono miwili kama sadaka, akasema, "Imma, wewe uliharibu kwa upole." Sijui kama ni lawama. Amesema familia mpya sitapewa tena. Ana haki. Nilikuwa natembea na watu waliochoka nikidhani kuchoka ni ujinga. Mimi mwenyewe nimechoka tangu nizae wa kwanza na tarehe nilikosea mara moja tu.

Kwa hiyo hii barua siyo ya kikundi. Miezi yako sita iliisha zamani. Ninakuandikia kwa sababu nataka.

Wameamuaje? Uniambie kama ilivyo, hata kama ni vibaya. Usinipunguzie.

Imma


Nyarugusu
22 Februari 2024

Dada Imma,

Pacifique anabaki.

Ya ndani ilikuwa hivi. Mkubwa alisoma kwa sauti, alisoma vizuri, polepole, hata jina la Chantal alilitaja kama mtu anayemjua. Mimi niliangalia dirisha. Alipomaliza akauliza, "Mama, haya ni maneno yako?" Nikasema, "Ni mwandiko wangu." Akauliza tena, "Ni maneno yako?" Nikasema, "Mwandiko ni wangu." Akaniangalia sana. Nilidhani nimeharibu. Kisha akaandika "amekubali", akanigeuzia karatasi nitie sahihi. Nilisoma kila mstari kabla ya kutia. Siku hizi ninasoma kila mstari, hiyo ni kazi yako.

Wiki tatu hawakusema kitu. Walimtafuta mama wa kwetu aliyetujua Baraka, akathibitisha. Jumatatu wamenipa kadi mpya. Yule mama wa malezi, aliyeongea na Pacifique bombani, atakuwa anakuja kila miezi mitatu kuangalia. Aje. Nimeshamzoea, anapenda chai yangu.

Pacifique wangeweza kumrudisha gardienne, sababu sasa mwaka wake ni wa kweli. Madame amekataa. Amesema huyu anasoma tayari, nikimrudisha atawafundisha wenzake kudharau walimu. Wamemwacha. Espe amezoea, ana marafiki zake, ndiye anayemwambia kaka yake asimfuate.

Na kweli anasoma. Anasoma gunia la unga, anasoma turubai letu kutoka ndani, herufi ziko kinyume na anazisoma. Juzi alichukua kadi mpya. Akasoma jina langu. Akasoma jina lake. Pembeni ya jina la Espe kumeandikwa "mtoto". Pembeni ya jina lake kumeandikwa maneno matatu. Akaanza, m-to-to, akafurahi, akaendelea, wa. Espe akamwita nje, kuna mtu amekamata panzi mkubwa. Akaitupa kadi akakimbia. Limebaki neno moja.

Sikuificha. Nilitaka kukuuliza nifanye nini, halafu nikajua utakavyosema, kwa sauti ile yako ya kufukuza kuku. Kwa hiyo nimeshafanya.

Nimemwandikia Pacifique barua. Chantal yumo, na homa, na kizingiti, na kitenge. Mwanzoni niliandika "mpenzi mwanangu", nikaogopa neno, nikakaa nalo, nikaliacha palepale lilipo. Iko ndani ya mfuko mmoja na kadi, yeye mwenyewe anajua iko pale na imeandikwa jina lake juu. Ameshaifungua mara mbili, ameigeuza juu chini, ameirudisha.

Madame anasema mwaka huu wanasoma herufi zilizoachana tu. Zile za kushikana watafundishwa mwaka ujao.

Mimi nimeandika kwa herufi za kushikana.

Félicité, Mama Pacifique